Aliyepakwa Mafuta Akauliza Gari

Mungu anisamehe, nilikubaliana na mtoto kabla mama mwenyewe hajaulizwa. Tulikuwa kwenye benchi mbele ya meza ya daktari, hospitali hapa Sumbawanga, mimi nikisubiri zamu yangu. Daktari alimweleza jamaa mmoja wa Mpui, mwenye mvi tayari, kwamba saratani ya tumbo la mama yake bado inafaa kupasuliwa, ila waende Mbeya.

"Daktari, mama ameshakula chumvi nyingi," jamaa akasema. "Hata padri ameshampaka mafuta ya wagonjwa. Tumrudishe nyumbani apumzike."

Nikaitikia kwa kichwa.

Mama yake, bibi aliyekaa katikati yetu, akafungua kitenge chake, akajifunga upya, akakaza fundo.

"Padri aliomba nipone, nawe ukaitikia amina. Kwani mwenzangu ulikuwa unaomba nini?"

"Mama, umri..."

"Umri wangu, tumbo langu. Ulezi wa mwaka huu nimepalilia mwenyewe. Daktari, niambie mimi. Gari la Mbeya linaondoka saa ngapi?"

Daktari akageuza kiti, akamwelekea yeye.

Sisi Wakatoliki wa Ufipa mgonjwa akishapakwa mafuta tunaanza kutafuta mbao za jeneza. Bibi yule aliyachukua kuwa nguvu ya safari. Nakuomba, msomaji, mzazi wako akiugua, muulize yeye kwanza.