Tochi ya Simu ya Zamani

Jumamosi, katika duka la vitenge mjini Arua, Uganda, namwona bwana mmoja: mkewe anachagua kitambaa, yeye anatazama mlango.

"Haraka, mama. Kazi ya kule mji wa Koboko nangoja mimi," bwana akahimiza.

Hakutulia. Akamwonyesha mwenye duka simu yake yenye ufa: "Iko muzee, lakini mimi nabadilisha picha yake yote ya kubonyeza."

Umeme ukakatika. Duka halina dirisha. Mke akainyakua simu, akabonyeza picha ya tochi. Kumbe nyuma ya picha hiyo bwana alificha namba ya simu ya mtu! Simu ikaipiga, spika ikatoa sauti ya kike: "Bwana yangu, unafika Koboko saa ngapi? Chakula iko tayari."

Mke akamsogezea simu mdomoni. "Jibu. Chakula napoa."

Umeme ukarudi. Huwa tunaushangilia; siku ile nilimwona mtu wa Arua akitamani ukatike tena.