Kumi na Tano ni Kumi na Tano

Mjomba alitafuta tairi kwa namba moja tu. Pale Nachingwea, miaka ya elfu mbili ikianza, wengi tulifanya hivyo. Ulimwuliza muuzaji, "Una kumi na tano?" naye akakuangushia tairi linaloingia kwenye ringi ya kumi na tano. Namba nyingine za ubavuni, za upana na kimo, hakuna aliyezisoma.

Pikapu yake ilikuwa ndogo, na tairi za nyuma zilishakuwa vipara. Hizo alizoleta zilitoka kwenye gari kubwa. Fundi alipozifunga, pikapu iliinua makalio kama panzi. Nikapenyeza mkono kati ya tairi na bodi. Zamani ngumi ilipita. Sasa vilipita vidole.

"Mjomba, naona kama zimejaa."

"Zimejaa nini? Kumi na tano ni kumi na tano. Mguu umeingia kwenye kiatu, unataka nini tena?"

Fundi akacheka, akalizungusha tairi kwa mkono. Halikugusa popote. Nimesoma mpaka darasa la saba, na maneno yangu hutoka wakati wenzangu wameshaondoka.

Kesho yake nilipaswa kumpeleka dada yangu Mbekenyera kwa mumewe. Alikaa mbele pamoja nami, kafunikwa kanga. Kwetu bibi harusi siku hiyo hasemi. Humsemea somo wake, yule mama aliyemfunda. Somo huyu alikuwa na sauti ya sokoni. Alipanda nyuma na kina mama wenzake, godoro, mikeka na masufuria. Nilipotazama, makalio ya gari yalikuwa yameshuka. Panzi hayupo tena.

Shimo la kwanza nje ya mji, nyuma ikadidimia, tairi likasugua bodi: khwaaa! Kina mama wakapiga vigelegele.

"Ngoma hiyo!" somo akasema.

Nikipunguza mwendo, anagonga paa. "We dereva, unapeleka bibi harusi au maiti?" Nikiongeza, khwaaa. Usukani ulilowa jasho. Nikawa nasikiliza kuliko ninavyotazama. Ruangwa mjini watu walitupungia, sikuweza hata kuinua mkono.

Baada ya Ruangwa, harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Tairi likipasuka na watu wote wale nyuma? Nilikuwa na sentensi yangu tayari: jamani, shukeni. Niliirudia kichwani, nikaipanga upya, nikaimeza. Utawaambiaje mama zako, na nguo zao mpya, watembee kwenye vumbi jekundu?

Chini ya kanga ikatoka sauti ndogo. "Mdogo wangu, linanuka."

Nilishtuka. "Usiseme, somo atasikia."

"Basi sema wewe."

Nikasimamisha gari, nikashuka. Bodi ilikuwa imelichonga tairi la kushoto mpaka nyuzi zinaonekana.

"Mama zangu," nilisema, nikitazama tairi. "Shukeni. Kwa mzigo huu dada hafiki."

Somo akainama, akaziona nyuzi, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe una mdomo! Tulidhani na wewe umefunikwa kanga."

Walicheka, wakashuka, wakajitwika mikeka na masufuria, wakatangulia wakiimba. Gari likainuka. Niliwafuata kwa mwendo wa miguu yao. Mlio ulikuwa umekwisha, lakini masikio yangu yalizidi kuutafuta.

Mbekenyera tuliwakuta wenyeji wetu wamesimama barabarani, wamechoka kungoja. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza, "Mbona bibi harusi yumo garini, na somo anakuja kwa miguu?"

"Gari limevaa viatu vya baba yake," somo akajibu, na vigelegele vikaanza upya.

Dada akaingizwa ndani. Kwenye mlango aligeuka kidogo upande wangu, kimya, kama inavyotakiwa. Mimi nilibaki nje, nimechuchumaa, vidole vimebanwa kati ya tairi na bodi, natafuta sentensi ya kumpelekea mjomba.