Raba Mpya za Gari la Bwana Ignas

Raba za pedali zilipofika kutoka Mwanza, Akida alifurahi kama mtu aliyeletewa dawa. Na kwa nini asifurahi? Miaka minane alikuwa dereva wa Bwana Ignas, tajiri wa ng'ombe na ngozi pale Shinyanga, na katika miaka hiyo pedali za gari lile zilikwisha kabisa. Raba ya klachi ililika upande mmoja mpaka chuma kikachungulia. Ya breki ilibaki laini, haina hata mstari mmoja. Kila masika Akida aliomba raba nyingine, na kila masika Ignas alimjibu yaleyale.

"Gari linakwenda, haliendi?"

"Linakwenda, bwana. Shida ni kulisimamisha."

"Basi kanyaga kwa nguvu."

Kanyaga kwa nguvu! Aseme hivyo mtu anayekaa kiti cha nyuma na kofia yake magotini. Njia ya Segese wakati wa mvua ni tope jeusi la mbuga, linaganda mguuni kama ugali, na mguu wenye tope juu ya chuma kitupu haukai. Mwaka mmoja, huko huko Segese, mguu ulimteleza kwenye breki. Akakata usukani, akaingia mtaroni ili asimgonge mama mmoja aliyekuwa na mtungi kichwani. Mama akapona, gari likapona, Akida akapasuka muundi. Unajua Ignas alifanya nini? Alishuka, akalizunguka gari zima akilipapasa, akarudi kukaa. Muundi unaotoka damu hakuuliza. Tangu siku hiyo Akida akawa anafunga vipande vya tyubu kuukuu kwenye pedali kwa kamba ya katani, na kamba zikikatika anafunga nyingine.

Kwa hiyo siku Ignas alipomwita na kumkabidhi kifurushi cha raba mpya, Akida alikipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, bwana. Mungu akuzidishie. Huu mguu wangu..."

"Mguu wako umefanyaje?" Ignas akacheka. "Kuna mtu anakuja kutoka Geita, anaitwa Marcel. Ana duka, anawauzia watu wa mgodini. Anataka gari. Watu wanaonunua gari huchungulia pedali, wakikuta zimelika wanajua gari limechoka. Peleka kwako ukazivishe huko huko nyumbani. Gereji usiende, wale wana midomo. Na hizo za zamani zitupe chooni, nisizione."

Furaha ikamwishia pale pale. Alibaki ameshika kile kifurushi kama kitu cha kuokota, hajui akirudishe au aende nacho.

"Na mimi je, bwana?"

"Wewe unakwenda na gari. Marcel hata baiskeli hajui. Nitamwambia, huyu ndiye dereva wake, mchukue. Nani atakuacha wewe?"

Kwa neno hilo Akida akakitia kifurushi kwapani. Wenye magari Shinyanga nzima siku zile uliwajua kwa majina, na kila mmoja alikuwa na dereva wake. Gari likienda Geita bila yeye, basi yeye ni wa kurudi kubeba marobota ya pamba stesheni, na mgongo wa marobota hakuwa nao tena. Akawasha gari, akaenda kwake Majengo.

Zuwena, mkewe, alikuwa uani anachambua choroko. Aliliona gari likiingia mchana kweupe, akasimama.

"Kuna nini? Umefukuzwa?"

"Nataka maji ya moto na sabuni," Akida akasema. "Na mwiko wako."

"Mwiko wa ugali?"

"Bisibisi itazichana."

Akamweleza yote huku amelala kifudifudi sakafuni mwa gari, miguu nje. Alikata kamba za katani, akatoa vile vipande vya tyubu, kisha akaanza kubandua raba za zamani pembe moja moja. Zilikuwa zimeshikana na chuma kwa vumbi na mafuta ya miaka, zikatoka zinalia. Akazisugua pedali kwa majivu mpaka zikang'aa. Raba mpya alizitumbukiza kwenye maji ya moto zilegee, akazipaka sabuni ukingoni, akatangulia kuupachika ukingo wa chini, halafu akaupitisha wa juu nyuma ya chuma kwa mpini wa mwiko, taratibu, huku amezuia pumzi. Ya klachi iliingia. Ya breki iligoma kabisa, ikamrukia usoni.

"Na ikuchape!" Zuwena akasema kutoka nje. "Miaka yote mguu wa mume wangu haukustahili raba. Leo macho ya mgeni ndiyo yanastahili! Huyo Ignas wako hana haya kabisa."

"Zuwena, nakwenda na gari. Amesema."

"Amesema! Na kila masika si alisema pia, kanyaga kwa nguvu?"

Akida akaisukuma tena. Ile raba ikaingia mwishowe, akakaa kitini, akakanyaga. Lo! Mguu ulishika kama umegundishwa. Alikanyaga tena na tena, gari limezimwa, pale uani, na hasira ikampanda, kwa kuwa sasa alijua jinsi ilivyokuwa rahisi. Maji ya moto, sabuni, na mwiko wa mkewe! Muundi wake ulipasuka kwa kukosa kitu hicho. Zile za zamani hakuzitupa chooni. Alizifunga kwenye kitambaa, akazitia mfukoni mwa koti.

Kesho yake asubuhi Marcel alikuwa mbele ya nyumba ya Ignas, mtu mnene mwenye viatu safi, analizunguka gari. Akafungua mlango, akainama, akatazama pedali. Akatabasamu.

"Gari hili halijafanya kazi."

"Kazi gani?" Ignas akasema. "Lilikuwa linalala bandani. Mimi na mama watoto kanisani Jumapili, basi. Naendesha mwenyewe, polepole."

Akida alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele, amevaa koti lake la udereva lililopigwa pasi tangu alfajiri. Alisubiri. Alijua neno lake linafuata.

"Na huyu?" Marcel akauliza. "Dereva wako?"

Ignas alisita kidogo tu. Uwe na dereva wa miaka minane kwa gari la kwenda kanisani?

"Huyu? Huyu ni mtu wangu wa kuosha gari. Kuendesha hajui. Lakini usihofu, nitakutafutia kijana wa kukufikishia Geita."

Jamani! Asubuhi hiyohiyo, mbele ya macho yake, mtu mzima mwenye mke na watoto, anaambiwa hajui kuendesha! Safari za Kahama, za Segese, za Geita yenyewe, usiku wa kulala porini analinda ngozi za tajiri dhidi ya fisi, vyote vimefutwa kwa kipande cha raba alichokivisha mwenyewe kwa mikono yake. Ignas akamkonyeza, kama kumwambia vumilia, nitakufanyia mpango baadaye.

Hapo akapita Mama Mageni, muuza maziwa, na kibuyu chake kichwani, kama alivyopita kila asubuhi.

"Mwangaluka, Dereva!" akamwamkia kwa Kisukuma chake, kwa sauti ya mtaa mzima. "Segese unakwenda lini? Nina mzigo wa dada yangu."

Ignas akamkazia Akida macho. Usiitike. Yalikuwa wazi macho yale: ukinyamaza, kazi ya Geita huenda ukaipata, ukiitika, utajua mwenyewe.

"Mwangaluka, mayu, mama yangu!" Akida akaitika, kwa sauti kubwa kuliko yake. "Dereva niko hapa! Segese siendi tena, gari linauzwa!"

Kisha akatoa kile kitambaa mfukoni, akakifungua, akaziweka raba kuukuu juu ya boneti mbele ya Marcel.

"Hizi ndizo raba za gari hili, bwana. Nilizitoa jana. Zimelika na mguu huu hapa." Akapandisha suruali, kovu la muundi likaonekana. "Gari ni zima, nimelitunza mimi. Lakini usiambiwe halijatembea. Limetembea, na aliyelitembeza ni mimi, Akida, dereva."

Ignas alibadilika rangi, akatukana, akasema toka kwangu, usikanyage tena hapa. Marcel aliigeuza ile raba ya klachi mkononi, akacheka kidogo, akateremsha bei pale pale. Gari akalinunua. Akida akamwuliza kama atamchukua.

"Wewe?" Marcel akasema. "Mimi nami siku moja nitauza. Hapana, ndugu yangu."

Ndivyo matajiri walivyo! Gari likaondoka saa ileile na kijana wa kukodi, raba mpya zikiwa pedalini, na Akida akarudi Majengo kwa miguu. Zuwena alikuwa mlangoni.

"Hawakukuchukua."

"Hawakunichukua. Ignas kaniita mwosha gari mbele ya mgeni. Nikasema ukweli, kazi ikaenda."

Alitegemea matusi. Watoto walikuwa ndani wanasubiri chakula, na yeye alikuwa ameitupa riziki yao kwa sababu ya jina. Zuwena akaushika mkono wa koti lake.

"Kazi utatafuta," akasema. "Ungenyamaza, leo usingelala kwangu."

Siku ya tatu Akida akaenda stesheni kubeba marobota. Mgongo ulimuuma kama alivyojua utamuuma. Na kila alipokatiza sokoni, hana gari, vumbi la pamba limejaa nyweleni, watu waliendelea kumwita Dereva, naye aliitika.