Majina Niliyompa Mkubwa

Watu husema heshima si utumwa. Mimi, kwa mwaka mzima, nilivifanya kitu kimoja, tena kwa hiari yangu, na mpaka leo nikikumbuka najikasirikia.

Miaka ya sabini ilikuwa inaanza, nami nilikuwa wakili katika ofisi kubwa ya mawakili pale Kisumu. Kazi yangu ilikuwa mambo ya biashara: kusajili kampuni, kuandika mikataba ya ubia, kutenganisha washirika waliochokana. Wenye malori ya miwa wa Muhoroni walikuja kwangu, na wenye mashine za kukoboa mpunga wa Ahero, na mama mmoja wa Port Victoria ambaye biashara yake ya samaki ilikuwa kubwa kuliko ya wanaume watatu. Walinieleza shida zao kwa Kijaluo, nikaziandika kwa Kiingereza, kisha barua ikapelekwa ghorofani, chumba cha mwisho, kutiwa sahihi na mkubwa wetu, mzee wa Kizungu aliyeianzisha ofisi ile. Ndivyo kazi ilivyokwenda mle. Miaka sita jina langu halikutoka nje ya lile jengo hata mara moja. Dirisha langu lilitazama ukuta.

Nilitaka kutoka. Nilitaka ofisi yangu hapo mjini na kibao chenye jina langu, hata kiwe cha mbao. Mke wangu, aliyekuwa mwalimu, alishachoka kunisikia. Aliniambia nitafute chumba, nichukue leseni yangu, nihame, basi.

Lakini mimi nimelelewa Kano, kwetu Ujaluoni. Kwetu mwana hainuki tu akajijengea dala, yaani boma lake mwenyewe. Humwambia baba kwanza. Siku ikifika wanaondoka alfajiri pamoja: mwana na jogoo, mjukuu na shoka, mke na moto, na baba ndiye anayeonyesha mahali pa kusimamisha nyumba. Anayejenga kwa kujificha anajiletea chira, laana inayofika mpaka kwa watoto. Shuleni tulifundishwa kuicheka chira. Mimi niliicheka kwa mdomo tu. Na mzee yule alinipokea nikiwa sijui hata kufunga tai sawasawa, akanifundisha kazi. Kwangu alikuwa baba, baba wa kazi. Ningemtorokaje?

Basi nikaenda kumwambia. Aliagiza chai. Alinisikiliza vizuri, akasema kijana mwenye akili lazima siku moja asimame peke yake. Kisha akaniuliza ni wateja gani wangenifuata. Nikamtajia. Wacha niseme yote: nilimtajia mmoja mmoja, na anakokaa, na jambo linalomsumbua, nikijivuna kidogo, naye akaandika polepole kwa kalamu yake ya wino. Akaniomba ningoje msimu wa mvua uishe ili tuagane kwa wema. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Nyumbani mke wangu alikuwa anachambua mchele. Nilipomweleza, aliuweka ungo chini.

“Umempa majina?”

Nikamwambia ndiyo, yote.

“Wewe ulisomea uwakili wa nini?”

Nilimkasirikia. Nilimwambia haelewi mambo ya heshima.

Mvua ikaisha. Mzee akasema kuna kesi moja tuimalize. Ikaisha, akasema kuna kijana anatoka ng'ambo, nimwonyeshe kazi kidogo. Nikamwonyesha. Nikamkalisha na wateja wangu, nikawa namtafsiria. Wenye malori wakaanza kualikwa chakula cha mchana kwenye klabu, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuingia. Faili zikawa zinatoka kabatini kwangu mbili mbili, hazirudi. Nami kila mwisho wa mwezi nilipanda kwenda chumba cha mwisho kuuliza kama wakati umefika, nikajibiwa bado kidogo, nikashuka. Usiniulize kwa nini nilishuka. Mlango wa kutokea barabarani haukuwa na kufuli. Nilikuwa nangoja anitoe yeye.

Siku moja yule mama wa Port Victoria alipita mbele ya mlango wangu, akainamisha kichwa, akaelekea kwa yule kijana. Nilimfuata nikamsalimu. Alishtuka.

“Walituambia unakwenda Nairobi kuwa hakimu,” akasema. “Tukasema tusikusumbue.”

Nilipanda ngazi moja kwa moja. Sikubisha hodi. Nilimwambia mzee kwamba nilimletea yale majina kama mwana anavyomletea baba habari, kwamba kwetu huwezi kuanzisha kwako bila baba kujua, na baba akishajua, anakusaidia. Sauti ilinitetemeka, nami nilitaka iwe kali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake.

“Lakini mimi si baba yako,” akasema.

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alinihurumia. Akatoa mkataba nilioutia sahihi nilipoajiriwa, akanionyesha mstari: nikiacha kazi, nisifungue ofisi Kisumu kwa miaka mitatu. Nami kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu mistari kama hiyo kabla hawajatia sahihi. Nikamwambia vizuri, nitakwenda Muhoroni, na nakwenda leo. Aliniuliza huko nani atanipa kazi. Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, sikujua. Lakini nilishuka bila kumwomba ruhusa.

Mke wangu aliponiona nyumbani saa nne asubuhi alidhani nimefukuzwa. Nikamwambia hapana, nimeacha mwenyewe, kisha nikalia, sioni haya kusema. Alipanda juu ya kiti akaanza kushusha mapazia, kwa sababu nyumba ile nayo ilikuwa ya ofisi.