Kofia ya Nyasi

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nalipenda gofu lile la kanisa. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni kibarua cha kupitishia muda tu. Nikistaafu, nilisema, narudi kwetu Likoni, ambako dada yangu Riziki alikuwa akinijengea chumba.

Siku ya kwanza ya kazi nilitoka Bordesley Green, mtaa niliohamia huku ng'ambo, kwa basi, kisha treni hadi mji wa jirani, nikiwa na shahada ya fasihi na viatu visivyofaa. Fundi Mkuu, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alinionyesha kuta zilizobaki za kanisa kuu la kale, akaniacha nisafishe. Juu ya ukuta kulikuwa na nyasi. Kwetu nyasi zikiota ukutani, majirani husema wenye nyumba wamekufa. Nikapanda ngazi, nikazing'oa, nikashuka kungoja sifa.

Fundi alitazama juu. "Mama," akasema, "umemvua mzee kofia, na baridi iko njiani."

Kumbe nyasi hizo hupandwa makusudi, zinywe mvua isije ikapenya kwenye chokaa, ikaganda na kupasua mawe. Tulizirudisha bonge kwa bonge. Saruji hatukuigusa kamwe. Ni ngumu kuliko jiwe lile, hulivunja. "Hapa hatujengi," alinifunza. "Tunachelewesha kuanguka."

Baadaye Mkuu wa Huduma kwa Wageni alinihamishia kwenye kutembeza watu. Nilisimulia jinsi watawa walivyolijenga kanisa lile kizazi baada ya kizazi, jinsi mfalme aliyegombana na Papa alivyowafukuza na kuyeyusha risasi, madini yaliyoezekea paa, na jinsi wenyeji walivyobeba mawe wakajengea mazizi. Watoto wa shule kutoka mtaa wa Alum Rock hawakumjali mfalme. Waliuliza kama ndege wanaruhusiwa kulala humo.

Mwaka huu magoti yamenistaafisha. Vijana huniuliza nilijenga nini. Sikujenga kitu, ila kuna ukuta ambao haujaanguka.

Juzi Riziki alipiga simu: chumba kimekwisha, bati limepigwa, ninakuja lini? Nikamweleza kwamba baridi imewahi, na sijui kama kuna aliyekagua nyasi za ukuta wa kaskazini, maana upande ule hukauka upesi. Nikaeleza, nikaeleza. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hajalifanya tangu utotoni.

"Hujaniuliza hata kama chumba kina dirisha," alisema.

Nikauliza kama kina dirisha.

"Kinalo. Shangazi yetu atakaa humo. Wewe vaa viatu, mdogo wangu, ukaangalie nyasi zako."