Nilisema Miwili

Mdogo wangu hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega, na wa kulaumiwa tuko wawili: baba na mimi. Wageni wakija kumpa pole husema ni bahati mbaya tu, michezo ndivyo ilivyo. Mimi nawamiminia chai tu. Bahati mbaya gani hiyo niliyoitamka kwa kinywa changu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya karani wa serikali?

Baba alikuwa mtunza viwanja kwenye klabu ya tenisi. Kazi yake ilikuwa kumwagilia udongo, kuburuta lile pipa la chuma la kusawazishia, kupaka chokaa kwenye mistari, na kukaza wavu kila asubuhi. Yeye mwenyewe hajawahi kucheza hata gemu moja. Lakini miaka kumi na tano ya kuutazama mchezo akiwa na ufagio mkononi ilimfanya aamini kwamba anaujua kuliko wanaoucheza, na kubishana naye ilikuwa kujitafutia maumivu ya kichwa. Mama alifariki mdogo wangu ana mwaka mmoja. Mimi nilikuwa shule, kwa hiyo mtoto akawa anashinda klabu na baba. Alipofika miaka minne alikuwa anapiga mpira ukutani na kuurudisha mara thelathini, arobaini, kwa raketi ya zamani iliyokatwa mpini. Wanachama walikuwa wanaacha vinywaji vyao kuja kumtazama. Alikuwa na umbo dogo, kiduchu kweli, ndiyo maana wakamwita Katoto, na jina likamganda.

Basi baba akapiga hesabu zake. Alikuwa ameona mashindano mengi ya watoto, na kila mwaka anayeshinda ni yule aliyewazidi wenzake umri, hata kwa miezi sita tu. Katoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mama ndiye aliyekuwa akikumbuka mambo kama hayo, na mama hayupo. Siku moja baba akamwacha mtoto klabu, akaja kunichukua shuleni na sare yangu, tukaenda ofisi ya vizazi na vifo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Njiani hakunieleza kitu.

Karani alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Baba akasema mtoto ana miaka miwili. Yule mama akacheka. Akasema toka aajiriwe hajaona baba anayejua umri wa mwanawe, akanigeukia mimi. "Hebu dada mtu atuambie. Mdogo wako ana miaka mingapi?"

Mimi ndiye niliyembeba. Mimi ndiye niliyejua kila jino lilivyoota na homa iliyokuja nalo. Nikamtazama baba, baba anatazama dari.

"Miwili," nikasema.

Karani akaandika, akagonga muhuri. Tukatoka nje, baba akaninunulia soda, na habari ile haikuzungumzwa tena ndani ya nyumba yetu kwa miaka kumi na saba.

Mwanzoni hesabu ya baba ilijibu, usiseme. Mashindano ya chini ya miaka kumi, Katoto anachukua kombe. Ya chini ya kumi na mbili, anachukua. Alikuwa hafungwi na watoto wenzake, na kwa nini afungwe, jamani, wakati hawakuwa wenzake? Yeye hakujua lolote. Mtoto wa miaka minne ukimwambia ana miwili, baada ya muda anaamini. Alianza shule kwa cheti kile, na madaftari yake yote yalibeba tarehe ile. Kabati letu likajaa makombe, mimi nikakosa pa kuweka vyombo.

Halafu alipokuwa na kumi na sita ya kwenye cheti, mambo yakaanza kwenda kombo. Wenzake wakaanza kurefuka, yeye akabaki pale pale. Kocha wake, mtu mwema mwenye subira ya ajabu, akawa anasema tumsubiri, wapo wanaochelewa kurefuka. Yeye na baba wakawa wanampima kwenye fremu ya mlango kila mwezi kwa penseli. Baba, kama aliyesahau uongo wake mwenyewe, akamnywesha maziwa, akamning'iniza kwenye bomba la uwanjani dakika kumi kila asubuhi. Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu, naona mstari juu ya mstari mahali pale pale, namezea. Walikuwa wanasubiri kimo kilichokwisha kupita. Yule alikuwa mwanamume wa miaka kumi na minane, ndevu anazinyoa kwa siri ili asimsikitishe kocha aliyekuwa bado anangoja arefuke.

Wakati huo ndipo alipoingiwa na wazimu wa orodha. Kocha alimpa ukurasa wa gazeti la michezo wenye mabingwa wa makombe makubwa ya wanaume, mwaka kwa mwaka, na umri wa kila mmoja. Katoto akaubandika juu ya kitanda chake, akawazungushia kalamu nyekundu wote walioshinda kabla ya kutimiza ishirini. Huko juu, miaka ya zamani, nyekundu zilikuwepo kidogo: wa kumi na saba, wa kumi na tisa. Kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyopotea. Unakuta miaka na miaka ni watu wa ishirini na saba, wa thelathini, wa thelathini na nne, walewale wanapokezana. Nilimwuliza kocha kulikoni, vijana wameingia uvivu? Akasema hapana, ni wakubwa ndio hawatoki. Siku hizi mtu wa miaka thelathini na tano ana daktari wake, mpishi wake, mkandaji wake. Anajua ujanja wote na miguu bado ipo. Mtoto wa shule akakutane na huyo kwa saa nne kwenye jua? Alimpa Katoto ule ukurasa ili atulie, aone kwamba hakuna haraka. Katoto akausoma kinyume. Akasema kama ni wachache hivyo, basi akiwa mmoja wao hakuna atakayemsahau.

Makombe makubwa yale alijua yako mbali. Lakini klabu yetu ina mashindano yake ya wanaume wa kulipwa, madogo, yanatoa pointi za kimataifa, na tangu yaanze hakuna aliyeyashinda chini ya miaka ishirini. Katoto akasema atakuwa wa kwanza. Ukimkuta anafua soksi anasema hivyo, anakula anasema hivyo.

Bega lilianza kumuuma wiki tano kabla ya mashindano. Mimi nafanya kazi hospitali, chumba cha kufulia. Tunatoa shuka kwenye mashine, tunapitisha kwenye roli la mvuke la kupigia pasi, tunakunja watu wawili ncha kwa ncha kutwa nzima. Kwa hiyo daktari wa mifupa namfahamu, maana makoti yake nayapiga pasi mimi. Nikamwomba amwone. Akampiga picha, akatuketisha wote wawili, akasema msuli umechanika kidogo. Akipumzika miezi sita utashikamana wenyewe, bila kisu. Akiendelea kupiga mpira wa kuanzia, ule wenyewe wanaouita sevu, utakatika, na ukikatika asitegemee tena.

Katoto akauliza kama haiwezekani mwezi mmoja. Daktari akasema sita. Tukatoka nje kwenye korido, akaegemea ukuta.

"Dada, sasa hivi nina kumi na tisa na miezi minane," akasema. "Nikipumzika sita, mashindano haya yatanipita, na yajayo nitakuwa nimeshatimiza ishirini. Wa ishirini wako wengi."

Nikahesabu kichwani. Alikuwa na ishirini na moja na miezi minane. Kitu alichokuwa anakikimbilia kilikuwa kimeshafungwa karibu miaka miwili nyuma, na mtu pekee kwenye korido ile aliyejua alikuwa mimi. Sentensi moja tu ingetosha. Nikamwambia twende nyumbani, chai itapoa.

Jioni ile nilimfuata baba uani. Amestaafu sasa, magoti yamekwisha, anakaa kwenye kiti chake cha plastiki anasikiliza redio. Nikamwambia leo namwambia mtoto ukweli. Baba akazima redio. Akasema nikimwambia sasa nitamvunja moyo, na akivunjika moyo hapo ndipo hata kucheza kutamshinda. Klabu nayo wakisikia, watamfuta na makombe yake yote watayachukua. Akasema subiri mashindano yaishe. Wiki tano tu. Nikamuuliza na bega je? Akasema yeye ameona mabega mengi.

Naweza kukaa hapa nikamtupia baba mzigo wote, na watu wangenielewa. Lakini mimi ni mtu mzima, nina mshahara wangu na ulimi wangu. Ukweli ni kwamba niliona haya. Niliogopa ataniangalia vipi nikimwambia kwamba dada yake, aliyemlea, ndiye aliyesema miwili. Nikakubali kusubiri, na usiku nililala vizuri, ndilo linalonichukiza zaidi.

Akacheza. Mechi ya kwanza akashinda, ya pili, robo fainali, nusu fainali. Kila siku akirudi nilikuwa namkanda kwa maji ya moto, naye anang'ata taulo. Magazeti yakaanza kumwandika: kijana wa miaka kumi na tisa, kijana wa miaka kumi na tisa. Niliyatumia kufungia vitunguu, sikutaka kuyaona.

Fainali alikutana na mtu wa miaka thelathini na tatu, baba wa watoto wawili, mpole, mwenye upara unaoanza. Nilikaa nyuma ya waya na baba. Seti ya kwanza Katoto akashinda. Ya pili akawa anaongoza gemu tano kwa tatu, na ilikuwa zamu yake kuanza. Gemu moja tu na kombe ni lake. Alirusha mpira juu, mkono ukapanda, na nikaona raketi inamtoka na kuruka mpaka kwenye wavu. Alikaa chini kwenye mstari, ameushika mkono kama unataka kudondoka.

Yule baba wa watoto wawili ndiye aliyefika kwanza. Alimfungashia begi lake, akalibeba yeye, wakatembea pamoja mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Kombe alipewa yeye, na alilichukua bila hata tabasamu. Baadaye alikuja benchi tuliloketi, akamwambia Katoto asikate tamaa, yeye kombe lake la kwanza alilipata na miaka ishirini na saba, na kwamba hakuna mtu anayeuliza tena ilikuwa lini. Katoto alimshukuru kwa adabu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Katoto alipasuliwa. Daktari wangu wa mifupa alifanya alichoweza, halafu akaniita pembeni akaniambia mkono utafanya kazi za kawaida, ila za juu ya kichwa hapana. Nilimwambia Katoto siku ya nne, wodini, kitandani kwake. Nilikuwa nimetandika shuka mpya, nikakosa kingine cha kufanya kwa mikono yangu, nikaketi. Nikamweleza yote: klabu, sare yangu, karani, soda. Nilimwambia tarehe yake ya kweli. Sikumtaja baba zaidi ya ilivyobidi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nayataka. Aligeukia dirisha. Nikaona midomo yake inacheza, nikajua anahesabu.

"Siku tuliyotoka kwa daktari," akasema, "pale kwenye korido. Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na moja. Na miezi minane."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa alipopotea njia.

"Ningepumzika, dada," akasema.