Mchuzi wa Uduvi

Dorotea alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda, alirudi mtaani kwake Kitaji na sufuria mbili na godoro. Akauza maandazi, lakini kila jirani alikuwa amepunguzwa kama yeye na hapakuwa na wa kuyanunua. Kiwanda cha minofu ya sangara kilipofunguliwa hapohapo Musoma, ufukweni mwa ziwa, wakamchukua awe mfagizi wa ofisi. Aliushika ule ufagio kama aliyetumbukia kisimani anavyoshika kamba.

Mapokezini palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa jeneza. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, matumbawe ya zambarau, na samaki wadogo wa njano na buluu ambao mvuvi yeyote wa ziwani huko Bukima asingewabakiza wavuni. Mkurugenzi aliwaleta kwa ndege. Chumvi yao ilikuja kwa mifuko na kuchanganywa na maji ya mvua, yote hayo ili wanunuzi wa kutoka Ulaya wawe na kitu cha kutazama wakingoja chai. Tangi likawa kazi ya Dorotea.

"Sikiliza," Mkurugenzi alimwambia. "Chakula kikizidi kinaoza. Kikioza kinatoa fosfeti. Fosfeti unaijua?"

"Ile ya mbolea, bosi?"

"Hiyohiyo. Humu inaotesha mwani, na mwani unaua matumbawe. Matumbawe yakifa, na wewe umekufa hapa."

Chakula chenyewe kilikuwa uduvi, waliotoka kwenye friza wakiwa donge la barafu. Dorotea aliwayeyusha kwenye bakuli, akawachuja kwa chujio la chai, na maji yao akayamwaga kwenye sinki, maana ndimo fosfeti ilimojaa. Kisha aliwatupia samaki kidogo tu, mara moja kwa siku. Kila Jumatatu Mkurugenzi aliteka maji ya tangi kwenye kichupa na kudondoshea dawa. Yakibaki meupe, alikwenda zake bila neno. Yangegeuka buluu, fosfeti ingekuwa imepanda. Kwa miezi mingi yalibaki meupe.

Ndipo mihogo ilipokauka Butiama, na mama yake, Nyamburi, akaja kuishi naye. Alikuwa mama mfupi, mwepesi wa kucheka, mwenye kidole gumba cha mguu kilichowahi kupasuliwa na jembe, kikapona kimegawanyika kama kwato ya mbuzi. Mchana alipitia mlango wa nyuma wa kiwanda, wakala pamoja kwenye stoo ya mafagio: ugali na mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa, ambayo wanawake wa mjini waliipigania getini.

Siku ya kwanza tu alimwona binti yake kwenye sinki.

"Doro! Unamwaga mchuzi?"

"Si mchuzi, Mama. Ni uchafu."

"Mchuzi wa samaki umekuwa uchafu lini? Sisi mgeni akikosa nyama tunampaga mchuzi. Na wale pale wanakuachamia midomo kwenye kioo, wewe unawatazama tu. Watakufa, ufukuzwe."

"Wakishiba ndiyo nitafukuzwa."

"Hicho sasa ni kichaa," Nyamburi akasema.

Alfonce, karani wa mapokezi, alikuwa na shemeji anayetafuta kazi. Hakukosa kupita stooni. "Mama samaki, mbona wanao wamekonda? Au uduvi wao wanaishia kwako?" Dorotea alimzoea. Nyamburi hakumzoea. Tangu siku hiyo, Alfonce akishatoka kwenda kula, Nyamburi akawa anasema, "Kula, mwanangu, bakuli nitaliosha mimi."

Jumatatu iliyofuata maji ya kichupa yakawa na buluu hafifu. Dorotea akapunguza uduvi. Jumatatu nyingine yakawa buluu ya anga. Akapunguza tena, mpaka samaki wakaonekana mbavu. Kadiri alivyopunguza, ndivyo utando wa kijani ulivyoongezeka juu ya matumbawe, naye akawa anausugua kwa mswaki mpaka vidole vikachubuka kwa chumvi.

"Wanunuzi wanakuja Ijumaa," Mkurugenzi alisema. "Usiponiambia kinachoingia humu, siku hiyohiyo utatoka wewe."

Alhamisi Dorotea alirudi kutoka jalalani akamkuta mama yake amesimama juu ya kiti cha wageni, miguu mitupu, anainamishia bakuli tangini. Uduvi walipopungua alikuwa ameanza kuongeza na mchuzi wa mapanki. Macho ya mafuta yakaelea juu ya maji. Kabla Dorotea hajafumbua mdomo, Alfonce alikuwa ameshamwita Mkurugenzi.

Nyamburi hakuogopa. Alishuka kitini akijipangusa mikono. "Bosi, usimfukuze huyu binti. Samaki walikuwa na njaa. Mimi nimekuwa nawapa kila siku."

"Huyu ni nani?"

"Muulize Dorotea," Alfonce alisema. "Wanakulaga pamoja."

Dorotea alitazama matumbawe, kisha ufagio wake pembeni ya mlango.

"Ni wale wanawake wa mapanki. Wanajipenyezaga. Mimi simjui."

"Humjui?" Alfonce akatabasamu. "Basi mtoe."

"Mtoe," Mkurugenzi akasema. "Akirudi, mchape."

Nyamburi alimgeukia binti yake. Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama," alisema, kama mtu anavyosema na watu wa ofisini. "Njaa tu."

Dorotea alimshika mkono akamsukuma mpaka nje ya geti, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, maana Alfonce alikuwa dirishani.

Jioni huko Kitaji alikuta nyumba imefagiwa na nguo za mama yake hazipo. Kwenye sufuria, chini ya sahani, alikuwa ameachiwa mchuzi.

Matumbawe hayakupona. Tangi lilimwagwa maji, likatupwa stoo, na shemeji wa Alfonce akapewa ufagio. Lakini Dorotea hakufukuzwa. "Wewe huna huruma za ovyo," Mkurugenzi alimwambia, akampa fimbo na kumweka getini, kuwazuia wanawake wa mapanki.

Kazi hiyo anaifanya vizuri. Safari ya Butiama huiahirisha kila mwezi. Ila wanawake wakija wamejifunika khanga mpaka usoni, Dorotea huwatazama miguu kwanza, kabla hajainua fimbo.